Riba ya Benki Kuu na Riba ya Kisanduku Chetu

Hotuba ya Kamati katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, 2015–2025



Mwaka 2015 tulipoanza tulikuwa akina mama kumi na wanane kwenye baraza la mweka hazina wetu hapa Mbagala, tukiwa na daftari moja, kisanduku cha mbao chenye kufuli tatu, na funguo zilizogawiwa kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Leo tuko thelathini. Kati ya wale kumi na wanane wamebaki kumi na mmoja. Wawili Mungu amewachukua, wanne wamehamia mikoa mingine, na mmoja tutamzungumzia mbele, kwani bila yeye hotuba hii isingeandikwa.

Walioandaa sherehe walitupa mada: riba, ukuaji wa uchumi na sera za Serikali, na jinsi mambo hayo yanavyogusa ajira na makazi. Tulipoisoma kwenye kamati, mama mmoja akauliza kama si bora aitwe mtu wa Chuo Kikuu. Tukajadiliana. Tukaona mtu wa Chuo Kikuu angetueleza riba ya Benki Kuu vizuri kuliko sisi, lakini riba ya kisanduku chetu asingeijua, na hiyo ndiyo inayotuuma. Basi tumejitwika wenyewe. Tukikosea mtatusahihisha, ila msicheke kwa sauti.

Tuanze juu, halafu tushuke. Benki Kuu ya Tanzania ni benki ya mabenki. Zamani ilikuwa inaongoza uchumi kwa kuangalia wingi wa fedha zilizomo kwenye mzunguko. Januari 2024 ilibadili utaratibu, ikaanza kutangaza riba yake kila baada ya miezi mitatu, na riba hiyo ndiyo inayoongoza benki zinapokopeshana zenyewe kwa zenyewe. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapandishwa hadi 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Bei za vitu zikianza kukimbia, Benki Kuu hupandisha riba ili fedha ziwe ghali, watu wapunguze kukopa na kununua. Mambo yakipoa, huishusha ili wenye viwanda na makandarasi wakope, waajiri, wajenge. Hiyo ndiyo hesabu yake, na si ya uongo.

Lakini jamani, ni nani kati yetu amewahi kukopeshwa kwa asilimia 5.75? Katika miaka hiyo hiyo mteja wa kawaida wa benki alikuwa akitozwa kama asilimia 15 kwa mwaka. Pengo hilo lina sababu zake. Benki inahesabu gharama za kuendesha matawi, inahesabu wasiolipa, na tena inaye mteja mmoja mkubwa asiyekimbia deni, yaani Serikali yenyewe. Mwaka 2021 Serikali ilipoanza kuuza hati fungani za miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95. Sasa wewe ukiwa meneja wa benki, utamfuata mama lishe wa Rangi Tatu ukakae na masufuria yake kama dhamana, au utaikopesha Serikali ukalale usingizi? Hatuwalaumu sana. Hata kwenye kisanduku chetu, mwenye duka la vipodozi hukubaliwa mkopo kabla mwenye jiko la mkaa hajamaliza kueleza shida yake.

Baadhi yetu tunakumbuka hali ya miaka ya tisini, tulipokuwa wasichana. Nchi ilikuwa imeshakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, shilingi ikashushwa thamani, mwaka 1991 ikatungwa sheria mpya ya mabenki, na riba ambazo zamani zilipangwa na Serikali zikaachwa zijipange zenyewe. Katikati ya miaka ile benki zilikopesha kwa riba iliyopita asilimia 30, na bei za vitu nazo zilikuwa zinapanda karibu asilimia 30 kwa mwaka. Viwanda vya umma vilikuwa vinafungwa au kubinafsishwa, watumishi wa Serikali wanapunguzwa kwa maelfu. Nyumba nyingi za mtaa huu neno "redundansi" lilifahamika kabla ya neno "ubinafsishaji". Baba anarudi na barua na kiinua mgongo, mama anaanza kukaanga maandazi. Mwaka 1995 ikafungwa hata Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwa imeanzishwa mwanzoni mwa miaka ya sabini ili wananchi wapate mikopo ya kujengea.

Tunayasema haya kwa sababu wapo vijana wanaotuuliza kwa nini mama zao hawakukopa benki wakajenga. Benki ipi? Kwa riba ipi? Mama zetu walinunua tofali kumi leo, ishirini mwezi ujao. Walijifunza kujenga bila benki, sisi tukarithi.

Na mpaka leo ndivyo nchi inavyojengwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14. Ipo sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, ipo kampuni iliyoundwa kuzipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo, na kazi yao si mbaya. Hata hivyo hadi mwaka 2023 mikopo yote ya nyumba katika benki zote nchini ilikuwa bado haijafika elfu kumi. Mamilioni ya majengo mengine ni maboma ya kina sisi: msingi mwaka huu, kuta baada ya miaka miwili, kenchi na bati mtoto wa kwanza akianza kazi, madirisha ya nondo kwanza na vioo Mungu akipenda. Ndiyo maana mtu akituambia riba ya benki imeshuka nusu asilimia, hatukimbilii fundi. Tunauliza mfuko wa saruji ni shilingi ngapi.

Kwenye saruji ndipo sera ya Serikali inapotukuta moja kwa moja. Bajeti ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa Sh. 20 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50 ukabeba Sh. 1,000. Ukijenga kwa mifuko mia mbili, hiyo ni laki mbili uliyochangia miradi ya taifa kabla hujaezeka. Hatusemi miradi haitakiwi, tumeisubiri wenyewe. Tunasema tu kwamba aliyejenga ghorofa kwa mkopo wa miaka kumi na mitano na aliyejenga chumba kimoja na sebule wote walilipa buku kwa mfuko. Na kuanzia mwaka 2021 kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU. Ilianza na Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Wangapi hapa wamewahi kurudishiwa elfu moja yao na baba mwenye nyumba? Tunaona mikono miwili. Hongereni.

Sasa tufike kwenye ajira, kwani nyumba bila kazi ni deni. Tukirudi nyuma miaka hii kumi, kipindi kilichotufundisha kuliko vyote ni kile cha 2016 hadi 2018. Mnakikumbuka kwa jina la mtaani: vyuma vimekaza. Mwaka 2016 fedha za idara na mashirika ya Serikali zilizokuwa zimekaa kwenye benki za biashara zilihamishiwa Benki Kuu. Nia ilikuwa kuzuia ule mchezo wa benki kuchukua fedha za Serikali na kuikopesha Serikali hiyo hiyo kwa riba. Ilikuwa hoja ya haki. Lakini benki zikabaki na fedha pungufu, na wakati huo huo zilikuwa na mikopo mingi isiyolipwa, basi zikafunga mikono. Makandarasi waliokuwa wanadai malipo yao wakasubiri, na mafundi wao wakasubiri nao.

Benki Kuu haikukaa kimya. Machi 2017 ilishusha riba yake ya kuzikopesha benki kutoka asilimia 16 hadi 12, Agosti mwaka ule ule ikaishusha hadi 9, na Agosti 2018 hadi 7. Aprili 2017 ikapunguza pia kiasi cha amana ambacho benki zinalazimika kukiweka kwake, kutoka asilimia 10 hadi 8. Tazameni ukubwa wa punguzo hilo: riba ya juu imekatwa zaidi ya nusu. Na mkopaji wa kawaida? Riba za mikopo zilibaki kwenye asilimia 17 na 18. Mikopo ya benki kwa watu na makampuni binafsi mwaka 2017 ilikua kwa chini ya asilimia 2. Na redio ikawa inatutangazia kwamba uchumi unakua kwa zaidi ya asilimia 6.

Watu walikuwa wanasema redio inadanganya. Sisi tumefikiri sana juu ya jambo hili na hatuamini kwamba ilikuwa inadanganya. Uchumi ulikuwa unakua, ila ulikuwa unakulia mahali pengine. Mwaka 2017 ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ulianza, na mtoto wa mwenzetu mmoja alipata kibarua upande wa Soga. Kila mwezi alimtumia mama yake hela, na hela ile imesimamisha kuta za vyumba viwili kule Kongowe. Kwao uchumi ulikua, tena kwa asilimia kubwa kuliko ya redio. Lakini mume wa mwenzetu mwingine alikuwa saidia fundi kwenye jengo la mtu binafsi. Mwenye jengo alinyimwa nyongeza ya mkopo benki, akasimamisha kazi. Kwao ukuaji haukuonekana hata kwa darubini.

Huyu ndiye yule tuliyesema tutamzungumzia. Jina lake hatulitaji, wazee wa kikundi wanamjua. Alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanane wa kwanza. Alikuwa anapika chakula cha mchana na kukipeleka kwenye lile jengo, basi ujenzi uliposimama, mume alikosa kibarua na mke akakosa wateja siku ile ile. Walikuwa wamepanga chumba cha Sh. 50,000 kwa mwezi, na baba mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya mji huu. Laki tatu. Akaja kwenye kikundi. Katiba yetu ilisema, na bado inasema, kwamba mwenye mkopo ambao hajaumaliza hapewi mwingine, na yeye alikuwa bado na marejesho ya miezi miwili. Tukamsomea kifungu. Tulimsomea kwa upole, tena mwenyekiti wetu alimshika mkono, lakini tulimsomea.

Akaenda mtaani, kwenye mikopo ambayo siku hizi tunaiita kausha damu. Alipewa laki tatu za kurudisha laki tatu na tisini ndani ya mwezi mmoja, akaweka dhamana friji, televisheni na masufuria yake makubwa ya kupikia. Mwezi ukapita. Wakaja vijana watatu na guta. Walipochukua masufuria walichukua kazi yake, kwani mama lishe bila sufuria ni mama tu. Baada ya wiki mbili familia ilihama usiku. Hakutuaga. Tulisikia baadaye wamerudi Lindi kwa wazazi.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hatujawahi kuisema hadharani. Desemba ile tulipovunja kisanduku, mgao ulikuwa mnono kuliko mwaka wowote uliotangulia. Tulishangilia, tukanunua soda. Hakuna aliyeuliza kwa nini umenona. Mweka hazina wetu, alipokuwa anaandaa kitabu hiki cha kumbukumbu, alirudi kwenye madaftari ya zamani na kupiga hesabu upya. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa shida, watu wengi walikopa, wengi walichelewa, faini zikawa nyingi na riba zikawa nyingi. Faida yetu ilitoka kwa wenzetu waliokuwa wanazama. Na miongoni mwa fedha hizo kulikuwa na riba aliyoilipa yule mama kabla hajahama. Hisa zake tulimtumia kwa simu, shilingi kwa shilingi. Ile riba tuligawana.

Kwa hiyo tunapouliza riba inaathiri vipi makazi ya watu, tusiangalie Mtaa wa Mirambo peke yake, ambako Benki Kuu ipo. Tuangalie na hapa mezani. Tangu mwanzo kisanduku chetu kimetoza asilimia 5 kwa mwezi. Tulipoiweka, kila kikundi hapa jirani kilitoza hivyo au zaidi, na hatukuona ubaya. Asilimia 5 kwa mwezi, mkopo ukikaa mwaka mzima, ni asilimia 60. Benki tunazozilaumu zilikuwa zinatoza kama 15. Na kanuni za mwaka 2019, zilizofuata Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, zilimwekea mkopeshaji binafsi mwenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Vikundi kama chetu vimeachiwa vijipangie. Tumejipangia juu ya kikomo cha mkopeshaji wa mtaani mwenye leseni. Tuliposoma hilo kwenye kamati, palikuwa kimya kwa muda.

Tutajibiwa kwamba riba ya kikundi inarudi kwetu wenyewe, haiendi kwa tajiri. Ni kweli, na ndiyo fahari yetu. Lakini inarudi kwa nani? Inarudi kwa hesabu ya hisa. Mwenye hisa nyingi ambaye hakopi anapokea, mwenye hisa chache anayekopa kila baada ya miezi mitatu analipa. Akikopa laki tatu za kodi ya nyumba kwa miezi mitatu, analipa riba ya Sh. 45,000. Kodi yenyewe ni 50,000 kwa mwezi. Maana yake nini? Maana yake mwenzetu huyu kwa miezi sita amelipa kodi ya karibu miezi saba, na ule wa saba ametulipa sisi. Tuseme na dalali amechukua wa kwake, basi ni minane. Halafu tunamshangaa haanzi msingi.

Hapa kuna jambo dogo la pembeni. Baadhi ya dada zetu Waislamu walijiunga, wakajitoa kwa sababu ya riba. Sisi tukaona dawa ni kufuta neno hilo kwenye katiba na kuandika "ada ya mkopo". Jina lilibadilika, kiasi hakikubadilika. Dada zetu hawakurudi, na hawakukosea.

Tumekuwa tukilaumu sera, na zipo za kulaumiwa, lakini tuwe wakweli, zipo pia zilizotusaidia. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mwaka ule wa katikati tuliona maana ya sera kusimama: akina mama waliokuwa wameshapanga kununua cherehani walirudi kwenye kisanduku, na kisanduku hakikuwatosha. Barabara ya Kilwa nayo ilipokuwa inajengwa njia za mabasi yaendayo haraka, kuanzia 2019, wapo wenzetu waliolisha wafanyakazi wa ujenzi na kuweka akiba ambayo hawajawahi kuiweka. Na wapo waliopoteza meza zao wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara mwishoni mwa 2021. Barabara ile ile. Ukiuliza sera imeleta ajira au imeondoa, inategemea ulikuwa umekaa upande gani wa mtaro.

Tena zipo sheria ambazo hazigharimu hela ila zinalinda paa. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataka nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ukiletewa karatasi ya benki jikoni, ukaambiwa weka sahihi hapa haraka mgeni anasubiri, mwache mgeni asubiri. Ipeleke kwa anayejua kusoma mambo ya sheria. Sahihi yako ndiyo nyumba. Waume zetu mlioko viti vya nyuma, mtatusamehe, lakini mlikuja wenyewe.

Baada ya maelezo yote haya, Kamati inaleta pendekezo mbele ya wanachama. Tunaomba mikopo ya aina mbili, yaani ya kodi ya nyumba na ya kuezeka au kumalizia chumba, itozwe asilimia 2 kwa mwezi badala ya 5, na muda wake uwe miezi sita badala ya mitatu. Mikopo ya biashara ibaki kama ilivyo kwa mwaka mmoja, tuone. Na kile kifungu cha kumnyima mwenye deni kirekebishwe, ili aliyelipa marejesho yake bila kuruka, akipatwa na shida ya kodi ya nyumba, asikilizwe kabla ya kusomewa.

Gharama yake tunaijua na hatutaificha. Mwaka jana kisanduku kilikusanya riba ya Sh. 5,400,000, ambayo kwa wastani ni 180,000 kwa kila mwanachama. Theluthi moja yake, 1,800,000, ilitokana na mikopo ya kodi ya nyumba na ujenzi. Kwa asilimia 2, na kwa miezi ile ile, tungepata 720,000 tu. Tungepoteza 1,080,000, yaani Sh. 36,000 kwa mwanachama kwa mwaka. Elfu tatu kwa mwezi. Kwa wenye hisa nyingi itakuwa zaidi. Na fedha zikikaa nje miezi sita, wapo watakaosubiri zamu yao muda mrefu kuliko walivyozoea. Hilo nalo ni kweli.

Kuna mama yetu mmoja, mkubwa kwetu kwa umri, mwenye hisa nyingi kuliko sote, ambaye alipinga pendekezo hili kwenye kamati, na ametupa ruhusa kulisema hilo. Hoja zake zilikuwa nzito. Hana pensheni, mgao wa Desemba ndio unaomlipia dawa na bati linalovuja, na alitukumbusha kwamba mkopo wa bei rahisi huwavutia hata wasio na shida. Alisema pia kwamba yeye alijenga katika miaka ile ya riba ya asilimia 30 bila kupunguziwa na mtu. Hatukuweza kumjibu kila kitu. Tulimwambia kwamba miaka ile akiba ilikuwa inaliwa na mfumuko wa bei, ambapo mwaka 2024 mfumuko ulikuwa kama asilimia 3, hivyo hata kwa asilimia 2 kwa mwezi hisa zake haziliwi. Tumekubaliana kwamba atakayeomba mkopo wa kodi ya nyumba ataleta jina la mwenye nyumba, na fedha itatumwa kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Hilo lilikuwa wazo lake, na ndilo lililoboresha pendekezo. Kura yake bado hatuijui.

Wafadhili wetu wawili walishauri kwamba badala ya kuhangaika, tuchukue nusu ya akiba tukanunue hati fungani za Serikali, tukae tupokee riba bila maumivu ya kichwa. Ushauri ni mzuri kwa mwenye fedha za ziada. Sisi hatukuanza kwa sababu ya kuwa na ziada. Tukiipeleka nusu ya akiba Mtaa wa Mirambo, mwenzetu akidaiwa kodi ataenda kwa wale vijana wa guta. Tunashukuru kwa ushauri, tutaukumbuka siku mgao utakapotushinda kuutumia.

Tulipiga simu Lindi mwezi uliopita. Tulimpata. Ana masufuria, ya kukodi, anapika kwenye shule moja. Tulimwalika leo akasema nauli ni ngumu, tukasema tutatuma, akasema basi ataangalia. Kiti chake ni kile chenye kanga, karibu na mlango.

Kura itapigwa kwenye mkutano wa Januari, kwa utaratibu wetu wa siku zote: punje ya mahindi kukubali, punje ya kunde kukataa, na chungu kitafunikwa kitambaa. Mwenye mkopo ambao hajaumaliza naye atapiga kura. Wali uko tayari, tuanze na wageni.